Matamvua ya Apu Mbangi

Kiyoyozi cha gari kilianza kupuliza hewa ya moto pale moto wa nyika ulipovuka barabara nyuma yao, na moshi ulikuwa umekwisha kulijaza bonde la mbele. Umbu Nggaba aliliingiza gari kwenye kipara cha mawe ya chokaa, mahali pasipo jani la kuungua, akasimama hapo bila kuzima injini. Kila kiangazi watu huchoma nyasi ili farasi wapate machipukizi. Yeye mwenyewe alikuwa amechoma za kwao juzijuzi tu, na sasa hakuwa na wa kumtukana.

Rambu Kahi, mkewe, alikuwa akimtazama mtoto mapajani. Mtoto huyo alizaliwa kabla ya siku zake, na leo ndiyo kwanza anatoka hospitali ya mjini Waingapu. Muuguzi alikuwa amewaonya: asivute moshi, asipate joto. Wakifungua vioo, moshi; wakifunga, tanuri. Uso wa mtoto ulikuwa umeiva kama pilipili na kilio chake kilikuwa kinafifia. Huko kufifia ndiko kulikomtisha Rambu.

"Gari lako linapumua kama farasi aliyetoka mbioni," alisema Apu Mbangi, mama yake Umbu, kutoka kiti cha nyuma, mdomo mwekundu kwa tambuu.

"Mama, ngoja kwanza."

"Mimi nangoja. Mjukuu ndiye hangoji."

Rambu alimpa mtoto, akamwomba amlowanishe shingo na kwapa na kumpepea. Kisha alijifunga shuka puani, akateremka. Macho yalimwaka. Umbu, tayari kafungua boneti, alisema gesi ya kiyoyozi imekwisha, basi, hakuna la kufanya. Rambu alimwomba abonyeze swichi tena. Kompresa, pampu ya ile gesi, ilishika kwa mlio wa "tak", injini ikatikisika, na baada ya kitambo kompresa ikaachia. Gesi ingekuwa imekwisha, Rambu alisema, kompresa isingeshika hata kidogo. Umbu alimwuliza kajulia wapi.

"Kwetu tulikuwa na gari bovu kuliko hili."

Akaenda mbele ya gari. Asubuhi Apu alikuwa amelifunga gari hapo mbele kitambaa chekundu cha kufuma, chenye farasi na mamba, kwa kuwa mjukuu wa kwanza wa nyumba yao hawezi kuingia kijijini kama gunia la mahindi. Wote walikuwa wamekisifu. Nyuma yake kondensa, kipozeo cha gesi, ilikuwa inapikwa bila upepo. Walifungua kamba, kitambaa kikashuka upande mmoja tu. Upande wa pili matamvua yalikuwa yamepenya kwenye wavu wa mbele wa gari na kujisokota kwenye mhimili wa feni, magumu kama kamba ya kufungia nyati wa kulimia. Feni haikuzunguka.

Umbu alishika panga kiunoni, akaliachia. Apu alikuwa amekifuma kitambaa kile kwa ajili ya maziko yake mwenyewe, akavalishwe aende nacho kwa wazee wake. Umbu akaanza kuyafumua matamvua kwa kucha, moja moja. Moshi ulizidi. Ndani ya gari kilio kilikatika.

Mlango ukafunguliwa. Apu aliteremka, akamtia mtoto mikononi mwa Rambu, akawaingiza ndani na kuufunga mlango, akamwendea mwanawe.

"Hivyo vidole unafumua au unasuka?" Akalichomoa panga kiunoni mwake. "Mimi sijafa."

Akakata. Matamvua yaliyomgharimu misimu mizima na nuru ya macho yake yalianguka kwenye mawe, naye hakuyatazama.

Feni bado iligoma. Rambu alipiga kelele kutoka ndani: fyuzi ya feni itakuwa imeungua kwa kulazimishwa. Umbu alichomoa ya honi, akaichomeka mahali pake, ikakaa sawasawa. Feni ikavuma. Rambu akamwambia amwagie kondensa nusu ya maji yao ya kunywa, Umbu akasita, kisha akamwaga. Hewa ilitoka ya moto, kisha vuguvugu, kisha baridi kama pango. Rambu akamwelekezea mtoto usoni kidogokidogo. Mtoto akapiga chafya. Kisha akakunja uso na kulia kwa hasira ya mtu aliyedhulumiwa.

Umbu aliingia ndani na mama yake, akainamia usukani na mabega yakamtikisika.

"Lia baadaye," mama yake alisema. "Endesha."

Moto ulikuwa umekwisha kupita na moshi umepungua, wakashuka bondeni. Kwenye lango la kijiji Umbu alikumbuka kwamba hawana honi ya kutangaza kwamba wamefika. Apu alishusha kioo, akatoa kichwa chake chenye masizi na kupiga vigelegele. Wanawake waliitika kutoka kila baraza. Umbu naye akaachia ukelele wa wanaume. Rambu, aliyeolewa katika nyumba ile akinong'ona hata kuomba chumvi, alishusha kioo chake na kupiga vigelegele hadi sauti ikakauka.

Mtoto akawalilia wote kwa nguvu zake zote, na hakuna aliyembembeleza anyamaze.