Paa la Jiko la Chukwani

Mimi ni Biasha. Napika mikate ya kumimina na kuiuza hapa Mkunazini. Jiko langu ni dogo, ukigeuka tu unagonga ukuta. Ndiyo maana mimi na mume wangu, Talib, tuliweka akiba miaka mingi ili tununue nyumba.

Nyumba tuliipata Chukwani, yenye jiko kubwa. Mwenyewe ni Mzee Haroub, mtu mwema, ila ana haraka. Alitaka kuhamia Pemba kwa binti yake. Tukakubaliana Alhamisi tutie saini, tumlipe, atupe funguo.

Jumatatu redio ikatangaza kwamba kimbunga kinakuja. Upepo mkali na mvua kubwa vingefika mwisho wa wiki. Nilisimama nikisikiliza mpaka mkate ukaniungulia.

"Talib, na nyumba je?"

"Usiwe na wasiwasi. Mzee Haroub kaikatia bima ya mwaka mzima. Tukinunua nyumba, na bima tumenunua."

"Kwani bima inauzwa pamoja na milango?"

"Si bima ya nyumba? Na nyumba si ile ile?"

Moyo haukutulia. Nikavaa buibui nikaenda kwa jirani yetu, Shemsa. Yeye anafanya kazi kwenye kampuni ya takaful, yaani bima inayofuata sheria za Kiislamu.

"Bi Biasha," akasema, "bima ni watu kuchangia mfuko mmoja. Anayepata hasara analipwa kutoka mfuko huo. Mzee Haroub kachangia kwa jina lake. Akishauza, nyumba si mali yake tena, na kinga yake inakwisha. Wewe hujachangia, hutolipwa."

"Basi nikatie yangu leo."

"Leo haiwezekani. Kimbunga kikishatangazwa, hatupokei kinga mpya ya upepo na mafuriko mpaka kipite."

Bima ya mzee inakwisha, yangu haianzi. Sasa nani ana bima?

"Shemsa, nshachanganyikiwa, wallahi. Nambie nifanye nini."

"Msitie saini Alhamisi. Nyumba ikibaki ya mzee, kinga yake ipo. Kimbunga kikipita, kateni yenu, ianze siku ile ile ya kutia saini. Ulizeni kabisa kama upepo na mafuriko vimo."

Jioni tukaenda Chukwani sote watatu, mimi, Talib na Shemsa.

"Shikamoo, mzee wangu," Talib akasema.

"Marahaba."

Tulipomwambia tunataka kungoja, Mzee Haroub alikunja uso.

"Mnanitilia shaka? Mimi nshafunga mizigo."

"Hatukutilii shaka," nikasema. "Naogopa. Upepo ukiibomoa nyumba, hatuna akiba nyingine."

Shemsa akamweleza taratibu. Mzee akauliza, akajibiwa, akauliza tena.

"Yaani nikiuza Alhamisi, bima yangu hainilipi mimi wala wao?"

"Naam, mzee."

Kisha akafungua begi, akatoa msala wake wa kuswalia na kanzu ya kulalia.

"Basi tungoje," akasema.

Upepo ulikuja Alhamisi usiku. Sikulala. Asubuhi Mzee Haroub akapiga simu.

"Biasha, mimi mzima, nililala kwa jirani. Lakini paa la jiko limekwenda. Bati moja lipo juu ya mnazi."

Nikaanza kulia. Jiko lile ndilo nililolitamani.

"Unalia nini?" akasema. "Paa langu hilo, si lako. Bado hujalinunua."

Nikacheka na machozi yangu.

Kampuni ya bima ya Mzee Haroub ikaja kukagua, ikalipa, na paa likaezekwa upya. Tukakata takaful yetu. Talib, aliyekuwa akijua kila kitu, sasa aliuliza mpaka Shemsa akachoka: inaanza lini, kwa jina la nani, upepo umo, mafuriko yamo? Alipojibiwa yote, ndipo tukatia saini.

Mkate wa kwanza niliopika chini ya paa lile, Mzee Haroub aliondoka nao kwenda Pemba.