Vidonge vya Bi Salama

Kila jioni Naila alimchua bibi yake miguu kwa mafuta ya nazi, nyumbani kwao Msimbu. Jioni hiyo alibonyeza kidole gumba juu ya kifundo, akakiondoa. Shimo likabaki. Alihesabu hadi ishirini, bado lilikuwa pale. Naila aliogopa.

"Swaumu, umenenepa! Dawa zimekukubali," Bi Salama, jirani yao aliyepita kuchukua vidonge vyake, alimsifu Bibi kwa jina lake.

Kunenepa gani huko, na miguu imevimba maji! Na vidonge vyenyewe havikuwa vyake. Bibi aliumwa figo na presha, na hospitali ilimpa dawa za mwezi mzima. Bi Salama alipolalamika kichwa, Bibi alianza kumgawia nusu. Naila ndiye aliyevifunga kwenye karatasi ya daftari. Nani angemnyima jirani?

Kesho yake walikwenda kliniki Kibaha, Bibi akatolewa damu. Daktari Ponsiano aliyasoma majibu mara mbili, kisha akainama kuitazama miguu ya Bibi.

"Bibi, damu yako inaonyesha figo zinazidi kuumia. Dawa unameza zote?"

"Zote, mwanangu," Bibi alijibu bila kupepesa macho.

"Basi hazitoshi. Nitakuandikia kali zaidi."

Daktari akashika kalamu. Kusema kungekuwa kumuumbua bibi yake. Lakini Naila alilikumbuka lile shimo.

"Daktari, Bibi anameza nusu. Nyingine tunampa Bi Salama."

Bibi alimkata jicho. "Mtoto huna haya!"

Daktari aliweka kalamu mezani. "Bibi, dozi niliyotaka kukuandikia, siku ungeimeza yote, ingeshusha presha mno na kukuangusha. Huyo Bi Salama amewahi kupima?"

"Hajawahi," Bibi alijibu taratibu.

"Mleteni kesho."

Bi Salama alikuja akicheka, akisema yeye haumwi. Majibu yalipotoka, kicheko kiliisha. Figo zake zilikuwa zimeumia kuliko za Bibi, na vile vidonge vya kugawiwa vilikuwa vikimtuliza kichwa tu. Alilazwa siku hiyohiyo.

Mwezi uliofuata, Naila alibonyeza mguu wa Bibi, na ngozi ikarudi mara moja. Bi Salama naye alikuwa ametoka hospitali, akimeza dawa zake mwenyewe. Walipokwenda kliniki, Bibi alitaka kumwomba daktari radhi.

"Mshukuru mjukuu wako," Daktari Ponsiano alisema. "Futari mnagawana, dawa hamgawani. Kila mtu ana damu yake. Naila angenyamaza, mimi ningekuwa natibu uongo, na nyinyi wawili mngezikwa mkiwa mnasifiana unene."

Bibi aliushika mkono wa Naila, hakuuachia mpaka wakafika Msimbu.