Tayari

Mpaka leo hakuna aliyeeleza kwa nini zile nyaya zilikuwa na joto. Zilitokeza ukutani, sebuleni kwa Zacharie na mkewe Dorothée huko Lusangi, zimekatwa pande zote, na nyumba haina umeme. Zamani za Wabelgiji ilikuwa maabara ya mgodi. Humo wahandisi walichunguza fataki za kulipulia miamba, zinazowashwa kwa umeme: ipi inalipuka haraka, ipi inachelewa.

Jioni moja sauti ya mwanamume iliuliza polepole kutoka ukutani: "Tayari?"

Zacharie alidhani jirani anaulizia chakula. "Tayari!" akaitika.

Mshindo uliofuata haukuwa na moto wala moshi, ila harufu kali ya baruti, na ufa ukapanda ukutani, ukapinda juu ya dirisha, ukashuka hadi kitanda cha mtoto wao mchanga na kukoma shibiri moja kutoka kichwani pake, huku Zacharie akipapasa sikio la kulia ambalo halikusikia tena.

Kila jioni iliyofuata swali lilirudi. Hawakujibu.

Mwalimu Feruzi, mtoa majini waliyemwita kutoka Kasongo, alifukiza ubani, kisha akanong'ona: "Muhame, mama. Huyu hatoki."

"Mimi nihame?" Dorothée akasema. "Mugeni ni yeye. Kama unamuhurumia, mwalimu, umupeleke kwako umutandikie mukeka."

Muzee Octave, jirani yao, alikohoa. "Baba yangu alitumika kazi humu. Mutu wa inje alikuwa anauliza, 'Tayari?' Mwenye kutega fataki akisha kutoka mu chumba cha kulipulia, anajibu, ndipo wanatuma umeme. Siku moja mwenzake alimujibia. Kumbe mutu angali ndani."

"Walimutoa?" Zacharie aliuliza.

"Walisema hakuna cha kutoa. Wakaziba mulango na matofali. Pale, nyuma ya kabati."

"Basi jini lilijifunzia neno pale," mwalimu akasema kwa sauti ndogo.

"Tayari?" ukuta ukauliza.

Mtoto akaanza kulia. Dorothée akaweka mdomo kwenye ufa. "Bado! Unasikia? Bado! Mutu iko ndani!"

Ukuta ukatoa pumzi ndefu yenye harufu ya baruti, kama ya mtu aliyeizuia kifuani tangu kabla ya wote waliokuwamo kuzaliwa.

Wakaamua: hawahami, mlango ufunguliwe, na kitakachopatikana kizikwe kama anavyozikwa mtu.

"Kazi hiyo uachie wanaume, mama," mwalimu alisema.

"Mwanaume ndiye aliyejibu 'tayari'," Dorothée akajibu, akasukuma kabati, akainua nyundo, akapiga tofali la kwanza.