Fundi wa Treviño na Binti

Don Abundio alipiga simu adhuhuri kushukuru kwa kiyoyozi chake kutengenezwa. Ofelia hakuwa ametuma fundi.

"Nyumba imepoa mpaka mke wangu ametoa blanketi," mzee alisema akicheka. "Agosti hii, hapa Laredo! Ila huyo fundi wenu hana maneno. Nimempa kahawa, ameinusa tu."

"Fundi gani, don Abundio?"

"Ah, na wewe! Si wa kampuni yenu, Treviño na Binti? Jina lipo shatini."

Ofelia alichungulia dirishani. Gari la kazi lilikuwa palepale uani, namba ya leseni ya ufundi ya baba yake ubavuni. Mzee Evaristo Treviño, Mungu amrehemu, alikuwa kaburini tangu mwaka juzi, na mafundi wake walikwishatawanyika. Ofelia alifanya kazi peke yake, kwa leseni ya marehemu, kwa sababu mama yake, Hortensia, hakutaka iandikwe popote kwamba mumewe amekufa. Hata barua za serikali zilizokuja kwa jina la marehemu alizipanga kwenye madhabahu ya nyumbani, kando ya picha na mshumaa, bila kuzifungua.

"Barua ya mtu huifungua mwenyewe," alisema.

Kesho yake mke wa don Abundio alikutwa amekufa kitandani chini ya mablanketi, midomo imekuwa ya buluu, na nje lami ilikuwa inayeyuka kwa jua.

Ofelia alikwenda kwa doña Refugio, mganga wa mtaani. Huyo alifagia mapepo kwa majani machungu ya mti wa ruda, na msimu wa kodi ukifika aliwajazia watu ripoti zao juu ya meza ileile. Alimpitishia Ofelia yai mwilini, akalipasua kwenye glasi. Likatoka limeganda barafu.

Doña Refugio akajifanyia ishara ya msalaba.

"Ripoti ya kampuni ya kila mwaka mlipeleka?"

"Kodi hatukudaiwa, doña."

"Sikuulizi deni, mwanangu. Nauliza ripoti."

Ofelia akazikumbuka barua za madhabahuni. Mama mganga akavuta kompyuta, akatafuta, akashusha sauti. "Jimbo limeifuta. Kampuni yenu imekufa zamani, nanyi mnaitembeza mjini kama iliyo hai. Jina lisilo na mwenyewe ni nyumba tupu. Limepata mpangaji."

"Nifanyeje?"

"Kwanza uifufue. Peleka ripoti zote, andika baba yako ni marehemu, usaini wewe. Ndipo uifunge. Haifungwi kabla ya kufufuliwa. Ndiyo sheria ya jimbo, na huyo mgeni wenu anaishika kuliko nyinyi. Usiruke hatua, Ofelia. Kampuni ikishafutwa, kila kinachotendwa kwa jina lake kinakuangukia wewe, mwenye damu na nyama."

Nyumbani Ofelia alishika kalamu aandike "marehemu" kwenye ripoti. Mama yake alisimama mlangoni, rozari mkononi.

"Ukiandika neno hilo, niandike na mimi hapo chini yake."

Ofelia akaiweka kalamu. Badala yake alikwangua namba na jina kwenye gari, akachoma mashati ya kazi, akakata simu ya biashara, akasali. Hakuna aliyemshukuru tena kwa baridi. Akaanza tena kupata usingizi.

Kisha alasiri moja, akiwa chumba cha nyuma anakunja nguo, alisikia mlango wa mbele ukigongwa taratibu, na viatu vya mama yake vikiburuzwa sakafuni kwenda kufungua, na komeo likivutwa kabla hajapata sauti ya kumzuia, na tundu la hewa juu ya kichwa chake likaanza kupumua ingawa mashine ilikuwa imezimwa, likatoa harufu ya udongo mbichi na mshumaa uliopulizwa, harufu ileile ya siku waliyomshusha baba yake kaburini.

"Kampuni gani?" mama yake aliuliza kule mbele.

Jibu halikusikika. Mama yake akacheka kidogo, kama msichana.

"Ofelia! Fundi amekuja. Anasema hakuna kampuni tena, umemtuma wewe."

Ofelia alikimbia. Sebuleni mlango ulikuwa wazi, na mama yake amejifunika blanketi mabegani, akitazama dari, ambako kitu kizito kilikuwa kikitembea.

"Mwache afanye kazi," alinong'ona, na pumzi yake ikatoka kama moshi. "Sikia. Anatembea kama baba yako."