Obedi Aliitika

Asnath, jirani yetu hapa Kasulu, alikuwa fundi wa sauti za michezo ya redio. Mwezi wa nne alipanda kijijini Muyama kurekodi dhoruba, akatega kinasa sauti barazani kwa mama mmoja mkulima, Philomena. Mvua ilipoanza kupiga mabati, Philomena alimshika mkono.

"Mwana wanje, mwanangu, ukisikia mtu anaitwa ndani ya mvua hii, asiitike. Radi ya huku humfuata anayeitika."

Asnath alitabasamu kwa adabu tu.

Mwezi wa saba, saa nane mchana, jua likichoma vumbi, aliketi studio akiunganisha dhoruba yake. Mvua ilikuwa ya Muyama; upepo na ngurumo alizitengeneza kwenye kompyuta. Mhusika akishasema, "Umeona radi?" zilipita sekunde tisa kabla ya ngurumo, ili msikilizaji ajue radi iko mbali.

Nyuma ya mvua akasikia mwanamke akiita. "Obedi! Obedi wee!"

Obedi ni jina la mumewe. Badala ya kushtuka, Asnath alifurahi, maana pale pale mchezo ulikuwa na pengo la mtu anayeitwa na kuitika. Mumewe alikuwa amemletea chakula; Asnath akamsogezea maiki.

"Sema, 'Naam, nakuja.'"

Obedi akasema, akacheka, akarudi zake nyumbani.

Asnath aliipachika sauti ile, akasikiliza. Sekunde zilikuwa sita. Akadhani amekosea, akarudisha tisa. Akasikiliza tena. Tatu.

Akafuta sauti ya Obedi. "Naam, nakuja," spika zikasema. Akafuta kazi yote. Akachomoa waya ukutani. Mvua ikaendelea kunyesha ndani ya spika.

Akampigia simu.

"Niko nyumbani," Obedi alinong'ona. "Kuna mama ananiita huko uani."

"Usiitike! Mume wangu, nakusihi kwa jina la Mungu, usiitike!"

"Mbona nimeshaitika?"

Ngurumo ikapasua spika zote mbili.

Asnath alikimbia peku hadi nyumbani, akilia njia nzima. Angani hapakuwa na wingu. Sisi majirani tulikuwa nje na hatukusikia kitu. Obedi hakuwepo, na hajaonekana hadi leo. Katikati ya ua, juu ya vumbi kavu, viatu vyake vilikuwa vimekaa sambamba, vimejaa maji ya mvua pomoni.

Asnath aliyamwaga. Kila asubuhi anayamwaga.