Kipengele cha Sita

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Maua alipita kwanza shambani kwao Ndungu kufukuza ndege waliovamia mpunga. Ijumaa ile alirusha mawe ovyo tu, na ndege wakala watakavyo. Mawazo yake yote yalikuwa kwenye karatasi aliyoisoma jana yake.

Dada yake, Zaituni, alikuwa ameleta mkataba wa kazi ya upishi ng'ambo, ulioandikwa kwa Kiingereza. Maua alikuwa darasa la saba, na nyumbani alisifika kwa Kiingereza, basi wakamkalisha kitini kama mgeni wa heshima. Alisoma na kueleza vizuri habari za mshahara, chumba cha kulala na saa za kazi. Alipofika kipengele cha sita, akakutana na maneno asiyoyajua. Mama alikuwa akimtazama kwa tabasamu. Maua akaona aibu.

"Hapa wanasema utapata likizo kila mwaka," alisema.

Zaituni akafurahi, akatia sahihi.

Usiku Maua alikosa usingizi. Alfajiri aliyanakili maneno yale kabla Zaituni hajaondoka na mkataba, na wakati wa mapumziko akampelekea Mwalimu Anderson.

"Shikamoo, Mwalimu. Haya maana yake nini?"

"Marahaba." Mwalimu alisoma, akakunja uso. "Umeyatoa wapi? Yanasema mwajiri atakaa na pasipoti ya mfanyakazi, na kwa miaka mitatu mfanyakazi haruhusiwi kuacha kazi bila idhini yake."

Zaituni alikuwa ameshapanda basi la kwenda Same, ambako saa tano angemkabidhi wakala, Bwana Swalehe, mkataba na pasipoti. Saa ya ukutani ilionyesha saa tano kasoro dakika tano. Maua akamwona akilini dada yake amefungiwa katika nyumba ya watu, ugenini, hana ndugu wala njia ya kurudi.

"Mwalimu, naomba umpigie dada. Nilimdanganya," alisema.

Simu haikupatikana. Mwalimu akapiga tena, haikupatikana. Mara ya tatu ikaita, naye akampa Maua.

"Mwambie mwenyewe."

"Dada, usimpe pasipoti! Kipengele cha sita sikukielewa. Ile likizo niliitunga!"

"Maua! Nimeshamwekea mezani..."

Simu ikakatika, na tangu hapo haikupatikana tena. Vipindi vilivyofuata Maua hakusikia lolote lililofundishwa. Aliporudi nyumbani alimweleza mama yake ukweli wote. Wakakaa mlangoni wawili, wakitazama barabara.

Jua lilikuwa linazama Zaituni alipotokea. Pasipoti alikuwa nayo.

"Nilimwambia afute kile kipengele, akanifokea kuwa wengine wanaitaka nafasi hiyo," alisimulia. "Nikachukua vyangu. Nilipouliza ofisi ya kazi, wakasema hata kusajiliwa hajasajiliwa. Wamenielekeza kwa mawakala wanaotambulika."

Maua akaangua kilio. "Nisamehe, dada."

Zaituni akamvuta kifuani. Miezi minne baadaye alisafiri kwa mkataba mwingine, uliofafanuliwa kwa Kiswahili neno kwa neno.

Lakini jioni ile ni mama aliyezungumza. "Umetutia hofu, mwanangu, ila ulisema ukweli mapema ukatuokoa. Ukiulizwa usichokijua, sema hujui. Aibu yako ingekwisha hapo hapo. Uongo wako dada yako angeubeba miaka mitatu."