Mtetemo wa Kilomita ya Sita

Kilomita sita chini ya milima ya Uporoto, mahali ambapo hakuna mtu atakayefika kwa miguu yake, Nyungunyungu alikuwa anakula mwamba. Urefu wake ulikuwa mita tisini, mwili wake pingili za chuma kisichoogopa moto, na kichwa chake kilikuwa na meno mia mbili ya almasi. Alijikunja, akajinyoosha, akasaga. Mwamba ulipomruhusu, alisogea mita moja na nusu kila saa. Mawe aliyoyasaga yalipita tumboni mwake, yakapanda kwenye bomba refu na kumwagika juu ya ardhi kama unga wa kijivu.

Katika nyaraka aliitwa Kipekecho Namba Tatu, lakini Mbeya nzima ilimjua kwa jina la Nyungunyungu. Visima vya zamani vya jotoardhi vilikuwa vinapoa. Hospitali, shule na maelfu ya nyumba zilizopashwa joto kwa mvuke zilimsubiri yeye, maana Juni ilikuwa imeingia na baridi yake.

Aliyemwongoza alikuwa Injinia Atupele Mwaisaka, mwanamke wa miaka arobaini na mitatu. Alisimama katikati ya chumba cha udhibiti amefumba macho, amevaa vazi-fahamu kuanzia shingoni hadi kwenye ncha za vidole. Kila kilichogusa kichwa cha Nyungunyungu kiligusa viganja vyake. Mwamba mgumu aliuhisi kama jiwe la kusugulia miguu. Mwamba laini kama kutumbukiza mkono kwenye gunia la maharage. Akipinda kidole, mnyoo ule wa chuma ulipinda kichwa. Akili unde ilisoma joto na mgandamizo, lakini kule chini vipimo vingi viliungua, na miaka minane ya kuchimba ilikuwa imeonyesha kwamba hakuna kinachotambua ufa mdogo kwenye jiwe haraka kama vidole vya mtu aliyezoea. Vya Atupele viliwashinda wote. Aliwahi kuhisi ufa mwembamba kama unywele na kuukwepa kabla mashine haijasema neno.

Siku hiyo zilibaki mita sita tu kufika kwenye mvuke.

Saa tano asubuhi alihisi kitu asichokifahamu. Mtetemo mdogo, wa haraka, kama mdudu aliyefungiwa kwenye kiberiti.

"Gwakisa," alimwita msaidizi wake bila kufumbua macho. "Kuna mwamba unaotikisika hapa. Nitafutie chanzo."

Gwakisa Mwakalobo alikuwa injinia wa miaka thelathini na moja. Kwa miaka mitatu alikuwa amejifunza kwenye mwamba wa kuigiza, na kila alipoomba kumwongoza Nyungunyungu mwenyewe, Atupele alimwambia asubiri kidogo. Sasa alitazama michoro kwenye kioo. Akaitazama tena.

"Umeona nini?" Atupele aliuliza.

"Injinia, mwamba umetulia."

"Basi ni meno yamelegea."

"Meno ni mazima. Mtetemo unatoka juu. Ni mikono yako."

Atupele alifumbua macho. Aliinua viganja mbele ya uso wake. Vidole vilitetemeka, na kule chini meno mia mbili yalitetemeka navyo.

Vazi lilimpima pia aliyelivaa, na kwa miezi miwili lilikuwa limemwonya. Kila asubuhi maandishi ya njano yalitokea: *Mwili wako umechoka. Pumzika.* Kila asubuhi aligusa neno *Baadaye*. Angepumzika lini? Aliamka saa kumi alfajiri kumlisha mama yake, Bibi Subilaga, aliyepigwa kiharusi mwaka uliopita. Nyumbani walikuwa na mlezi, mashine yenye mikono laini iliyoweza kumwinua na kumwogesha, lakini bibi alikataa kulishwa nayo. Alisema inamletea kijiko kingine kabla hajameza cha kwanza. Mume wa Atupele, Ambakisye, alisimamia mashine za kuchuma chai Tukuyu na kurudi Jumamosi. Jioni Tumpe, binti yao wa miaka tisa, alisubiri na hesabu zake. Atupele alifika kote, kwa wakati, na watu walimsifu kwa hilo. Hata yeye alijisifu kimoyomoyo.

"Nikimsimamisha?" aliuliza, ingawa jibu alilijua.

"Baada ya dakika ishirini joto litamkaanga palepale. Na tukiendelea hivi meno yatavunjika."

Miaka minane, na shimo lote lingekufa.

Atupele alifungua kifungo cha shingoni. Alitoka kwenye vazi, akamnyooshea Gwakisa.

"Livae."

"Mimi?"

"Mita ya nne kutoka hapa utakuta tabaka kama mchanga. Usilisukume. Lisubiri likuvute. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, dada." Hakuwahi kumwita hivyo kazini.

Atupele alibaki kwa nusu saa akimtazama. Mistari kwenye kioo ilinyooka. Alipotaka kumwelekeza jambo, aligundua Gwakisa ameshalifanya. Ndipo alipokubali kupelekwa nyumbani.

Alimkuta mama yake amelala ubavu, macho wazi. Atupele aliketi pembezoni mwa kitanda amweleze kwa nini amerudi mchana. Hakumaliza sentensi ya pili. Aliegemea mto, viatu miguuni, akalala.

Saa tisa na nusu Nyungunyungu alitoboa. Mvuke ulipanda kilomita sita ukiunguruma, ving'ora vikalia mji mzima, na watu wakatoka barabarani kutazama wingu jeupe likisimama juu ya milima. Simu ya Atupele iliita mara kumi na nne. Bibi Subilaga alimwamuru mlezi aipeleke jikoni.

Atupele aliamka kukiwa kumekucha. Tumpe alimweleza yote kwa mkupuo mmoja: mvuke, ving'ora, walimu wakicheza uwanjani. Atupele alimgeukia mama yake.

"Mama, kwa nini hukuniamsha? Miaka minane nimeingoja siku hiyo."

"Nilikuona," Bibi Subilaga alisema polepole, kwa upande wa mdomo uliokuwa mzima. "Ulilala kama ulipokuwa mdogo. Sikuweza."

Atupele aligeukia ukutani akalia. Alijililia mwenyewe kwa kilichompita, na hakuna aliyemkatiza. Baadaye akakumbuka jambo, akajifuta uso. "Na uji, nani alikulisha?"

"Hilo dude. Nimelifundisha. Nikiinua kidole, linasubiri."

Atupele aliitazama mikono laini ya mlezi, kisha kidole cha mama yake. Alishindwa kuzuia kicheko.

Siku ya tatu alirudi kituoni. Gwakisa alikuwa amemhifadhia kitu: vazi lilikuwa limerekodi kila mguso wa mita zile za mwisho. Atupele alilivaa, akafumba macho. Mwamba ulikuja viganjani, kisha tabaka la mchanga. Mikono ya kijana ilisubiri, ikasubiri tena, mpaka yeye mwenyewe alitamani kusukuma. Halafu ukinzani ukaisha, na joto likampanda mikononi hadi mabegani kama maji ya kuoga. Alikuwa amesahau jinsi mikono iliyopumzika inavyohisi.

Alipolivua, alimgeukia Gwakisa.

"Ulisubiri kuliko ambavyo ningesubiri mimi," alisema.

Gwakisa aliinamisha kichwa, akaficha furaha yake. "Kisima cha pili tunaanza Jumatatu, Injinia. Wanataka ratiba ya zamu."

"Andika mimi asubuhi. Saa nane mchana naondoka."

"Kila siku?"

"Kila siku. Na Alhamisi sipo kabisa."

Gwakisa aliandika. Kalamu yake ilisita. "Na jambo likiharibika saa tisa?"

Atupele alikuwa ameshachukua koti lake. "Utakuwepo wewe," alisema, akatoka nje kwenye jua la Mbeya.